Kusoma jeni za kansere kabla ya kuchagua dawa

Mtu wa mgodi hahitaji kufundishwa kwamba macho hudanganya. Kuna jiwe linalong'aa kama dhahabu, ukilipeleka laboratwari unaambiwa ni chuma na salfa tu. Kuna mchanga mweusi mzito, kila mtu ameshausifu kuwa ni kasiterite, na kipimo kinakataa. Kwa hiyo watu wa jeolojia, kabla ya kufungua shimo, huchukua vipande, huvipa namba, huvipeleka kupimwa, na hungoja jibu.

Siku hizi waganga wa kansere wanafanya vivyo hivyo. Ugonjwa ukiisha kuenea mwilini, hawataki tena kuchagua dawa kwa kutazama tu mahali ulipoanzia, kama ni pafu, titi au tumbo. Wanachukua kipande cha uvimbe, wanasoma jeni zake, ndipo wanauliza: je, kuna dawa inayolingana na kosa tulilolikuta humu?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, habari ya kipimo hiki imeanza kusikika hata upande wetu wa Wamaza, Kasongo na Kabambare. Mtu anarudi kutoka Kinshasa, au anapokea simu ya mtoto wake aliye Ulaya, anaambiwa: "Kuna kipimo kipya, kinasoma kansere yote, halafu unapona." Familia inaanza kuhesabu mbuzi na mashamba. Afadhali tujue kipimo hicho kinaweza nini na hakiwezi nini kabla pesa haijatoka mfukoni.

JENI NI NINI?

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna maandiko, kama kitabu cha amri za kazi: lini seli igawanyike, lini isimame, lini ife na kupisha nyingine. Maandiko hayo yana herufi nne tu, ambazo wataalamu wanaziita A, C, G na T, lakini zimepangwa moja baada ya nyingine hadi karibu bilioni 3. Jeni ni fungu moja la maandiko hayo lenye amri yake.

Herufi zikiharibika mahali pabaya, amri ya "simama" inapotea, au amri ya "gawanyika" haizimiki tena. Ni kama gari ambalo pedali ya mafuta imekwama chini. Seli zinaongezeka bila ruhusa, na hiyo ndiyo kansere, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita saratani. Kinachoharibu herufi ni vitu vingi: miaka yenyewe, tumbaku, virusi fulani. Na kwetu sisi wa mashimoni kuna vumbi la silika linalotoka kwenye mawe yanayotobolewa. Wataalamu wa kansere wa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) walio Lyon, Ufaransa, waliliweka katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere mwaka 1997. Gesi ya radoni inayotoka ardhini waliiweka mwaka 1988, na moshi wa dizeli mwaka 2012. Mfanyakazi anayevuta tumbaku na kuvuta vumbi hilo hilo anaubebesha moshi na vumbi kwenye pafu moja.

Njia ya kusoma herufi hizo ilitolewa mwaka 1977 na Mwingereza Frederick Sanger. Kusoma maandiko ya binadamu kwa mara ya kwanza kulianza mwaka 1990 na kukatangazwa kuwa kumemalizika mwaka 2003: miaka kumi na mitatu, mataifa mengi, pesa isiyohesabika. Leo mashine moja inafanya kazi hiyo kwa siku chache.

DAWA MOJA ILIYOFUNDISHA WAGANGA

Sikilizeni hadithi ya dawa ya mapafu iitwayo gefitinibu. Ilipotoka, Japani mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003, waganga waliwapa wagonjwa wengi wa kansere ya pafu iliyoenea. Wengi haikuwasaidia kitu. Lakini wachache, karibu mmoja katika kumi huko Marekani, walikuwa wakiinuka kitandani. Mtu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi anarudi kutembea, na picha yake ya kifua inaonyesha uvimbe umenywea. Kwa nini huyu na si yule? Hakuna aliyejua.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichukua vipande vya uvimbe wa wale waliopata nafuu, wakasoma jeni moja iitwayo EGFR. Wakakuta kosa. Walipotazama vipande vya wale ambao dawa haikuwasaidia, kosa halikuwepo. Dawa ile ilikuwa ufunguo wa kufuli moja tu, na miaka yote watu walikuwa wakiujaribu kwenye kila mlango.

Mwaka 2009 likatoka jibu la jaribio kubwa lililofanywa Asia ya Mashariki kwa wagonjwa 1217. Nusu walipewa gefitinibu, nusu dawa za kimio za kawaida. Katika wale wenye kosa la EGFR, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 71 katika 100 waliopewa gefitinibu, na 47 katika 100 waliopewa kimio. Sasa tazameni wale wasio na kosa hilo. Kimio ilipunguza uvimbe kwa 23 katika 100. Gefitinibu ilipunguza kwa mmoja tu katika 100.

Someni tena hesabu hiyo polepole. Dawa ile ile, kansere ya kiungo kile kile. Kwa mmoja ndiyo dawa bora kuliko zote. Kwa jirani yake wa kitanda cha pili ni kumnyima ile ambayo ingemsaidia. Bila kusoma jeni, mganga anabahatisha. Anayenunua dawa hizo sokoni kwa sababu "zilimponya fulani" anabahatisha zaidi.

Hata hivyo, neno kupona lisitumike ovyo. Kansere ya pafu iliyoenea, ikipata dawa inayolingana, hulala kwa miezi, mara nyingine kwa miaka. Halafu seli chache hubadilisha herufi nyingine, na dawa haishiki tena. Hapo waganga husoma upya, kutafuta kosa jipya. Ni muda unaoongezwa, tena muda mzuri, ambao baba anaweza kukaa na watoto wake bila kulala hospitali.

KITU HIKI SI KIGENI KWETU

Msidhani kusoma jeni ni mambo ya Ulaya peke yake. Mfanyakazi aliyewahi kutema makohozi kwenye kikopo kwa ajili ya mashine iitwayo GeneXpert amekwisha kusomewa jeni, ingawa si zake mwenyewe. OMS ilikubali mashine hiyo mwezi wa Desemba 2010. Kwa muda usiofika saa mbili inatafuta jeni za kijidudu cha kifua kikuu, na inatazama kama jeni moja imebadilika kiasi cha kuishinda dawa ya rifampisini. Jibu hilo ndilo linalomwambia mganga ampe mgonjwa dawa zipi. Ni kazi ile ile: soma kwanza, chagua dawa baadaye.

Na huko Kamituga, mji wa dhahabu wa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, ulipotokea ugonjwa wa mpox mwezi wa Septemba 2023, ni kusoma jeni kulikoonyesha kwamba virusi vile vilikuwa tawi jipya, lililopewa jina Ib. Wataalamu wa INRB, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, walishika kazi hiyo. Wakongomani wanajua kusoma jeni. Ila kwa upande wa kansere vifaa na dawa bado ni haba.

Kansere ambayo imefaidika zaidi na njia hii katika Afrika ya Mashariki ni ya damu, ile inayoitwa lekemia sugu ya mieloidi. Mgonjwa anachoka, anakonda, wengu unavimba upande wa kushoto hadi tumbo linajaa. Mwaka 1960, huko Philadelphia, watafiti wawili waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa hao. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alieleza sababu: vipande vya kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, vimebadilishana mahali. Jeni mbili zimeungana na kuwa moja yenye amri mbaya, BCR-ABL. Ikatafutwa dawa ya kuziba amri hiyo peke yake. Imatinibu ilikubaliwa Marekani mwezi wa Mei 2001, na miaka kumi baadaye, katika wagonjwa walioanza nayo kwenye jaribio kubwa la kwanza, zaidi ya 80 katika 100 walikuwa hai. Zamani wengi hawakuzidi miaka mitano.

Dawa hiyo ilikuwa ghali kupita mshahara wa mtu yeyote wa kwetu. Lakini kwa mpango wa kiwanda cha Novartis na Max Foundation, imatinibu ilitolewa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi, wakiwamo wa Ocean Road kule Dar es Salaam, wa Nairobi, na wa taasisi ya kansere ya Uganda iliyo Mulago, Kampala. Sharti lilikuwa moja: kwanza kipimo kionyeshe jeni ile mbaya. Na kikopo cha kupima BCR-ABL kimetengenezwa kiingie katika mashine ile ile ya GeneXpert ya kifua kikuu. Kwa maoni yetu huo ndio mfano wa kuufuata: kosa moja, kipimo kimoja kidogo, dawa moja, na mtu wa kuilipia.

KIPIMO KIKUBWA, JIBU DOGO

Sasa tuje kwenye kile kipimo cha kusoma mamia ya jeni kwa mara moja, ambacho watu wanakiita "kusoma kansere yote". Kinafaa? Tusikilize Wafaransa, ambao walikijaribu kwa haki.

Katika jaribio liitwalo SHIVA, lililotangazwa mwaka 2015, wagonjwa 195 wenye kansere iliyoenea waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa dawa iliyochaguliwa kwa jeni, ingawa dawa hiyo haikuwa imethibitishwa kwa kansere yao. Kundi la pili lilipewa dawa ambazo mganga angechagua kwa kawaida. Muda wa katikati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa miezi 2.3 kwa hao wa kwanza na miezi 2.0 kwa wa pili. Yaani sawasawa.

Mwaka 2022 likaja jaribio jingine la Ufaransa, SAFIR02, kwa akina mama wenye kansere ya titi iliyoenea. Hapo waliyapanga makosa ya jeni kwa ngazi: ya juu ni yale ambayo imekwisha kuthibitishwa kwamba dawa yake inafanya kazi, ya chini ni yale ya kudhania tu. Wenye makosa ya ngazi za juu walipata miezi 9.1 kabla ugonjwa haujasonga, na wenzao waliobaki na kimio miezi 2.8. Wenye makosa ya ngazi za chini hawakupata faida yoyote.

Basi karatasi ya majibu inaweza kurudi na makosa kumi yaliyoandikwa kwa herufi nzito, na hata moja lisiwe na dawa. Mfano uko karibu nasi. Mwaka 1991 ilionekana kwamba kansere nyingi za ini katika nchi zenye karanga na mahindi yaliyoota ukungu zina kosa mahali pamoja hasa, katika jeni iitwayo p53. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, inaacha alama yake kama mwizi anavyoacha nyayo. Kipimo kinakuonyesha aliyeingia nyumbani. Lakini hakuna dawa ya kurekebisha kosa hilo, na mgonjwa wa ini aliyeuza shamba ili alione atakuwa amelipia nyayo.

Kwa hiyo mganga wa mjini akisema kipimo hiki kinahitajika, mfanyakazi au jamaa yake ana haki ya kumwuliza kwa adabu: "Docta, tukikuta kosa mnalolitafuta, dawa yake ni ipi? Inapatikana nchini? Kwa mwezi ni dola ngapi, na kwa miezi mingapi? Tusipolikuta, utabadilisha nini katika matibabu?" Kama hakuna kitakachobadilika, pesa hiyo ina kazi nyingine: dawa za kutuliza maumivu, chakula, na nauli ya mtu wa kumwuguza.

Tena kuna vipimo vidogo vinavyopaswa kutangulia. Kwa kansere ya titi, laboratwari inaweza kupaka rangi kipande cha uvimbe ili ione kama kinalishwa na homoni. Kikiwa ndivyo, vidonge vya tamoksifeni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, humsaidia mama kwa miaka. Inasikitisha kuona watu wanaota mashine ya dola elfu na huku kipimo hicho cha rangi hakijafanywa. Kwa kansere ya mlango wa kizazi, ambayo inaua akina mama wengi wa kwetu, kusoma jeni kwa leo hakubadilishi sana. Chanjo na kuchunguzwa mapema ndivyo vyenye nguvu.

Kuna jambo lingine. Sehemu kubwa ya jeni zilizokwisha kusomwa duniani ni za Wazungu na watu wa Asia. Kazi kama ile ya mwaka 2021 juu ya kansere ya koo la chakula, iliyosoma uvimbe 552 kutoka nchi nane zikiwamo Kenya, Tanzania na Malawi, bado ni chache. Wazee wa Kasongo watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 waganga waliokuwa wakishirikiana na chuo cha Antwerp waliandika katika daftari watoto waliochanjwa surua na waliokufa. Hesabu hiyo ya Kasongo ilichapishwa mwaka 1981 katika gazeti la waganga la London, na ikasomwa dunia nzima. Hakukuwa na mashine kubwa, kulikuwa na daftari lililotunzwa.

KIPANDE KISIPOTEE

Hapa ndipo penye kazi yetu sisi, maana kipimo chochote cha jeni, kidogo au kikubwa, kinaharibika au kinafaulu siku ile kipande kinapokatwa. Huko mjini watakuwa na mashine nzuri. Lakini tukiwapelekea nyama iliyooza hawana la kusoma.

Kwanza, kipande kikatwe. Wengi wanaogopa, wanasema kisu kinaamsha kansere. Mara nyingi mtu anasema hivyo kwa sababu jirani yake alikatwa kipande akafa mwaka ule ule. Huyo alikufa kwa ugonjwa uliokuwa umekwisha kuenea, ambao ndio uliomfikisha kwenye kisu. Kikohozi kisichoisha baada ya dawa za kifua kikuu, hasa kama makohozi hayakuonyesha kijidudu, kisirudiwe dawa zile zile mara ya pili na ya tatu. Mfanyakazi apigwe radio ya kifua, na apelekwe mahali wanapoweza kuchukua kipande.

Pili, kipande kiingie katika formoli mara moja, iliyochanganywa kwa asilimia 10, na formoli izidi kipande mara kumi. Si alkoli ya dispensari, si maji ya chumvi. Chupa iwe na mdomo mpana, maana kipande kilicholainika kinaingia kwa urahisi, lakini kikishakuwa kigumu hakitoki.

Tatu, na hili ndilo linalotuumiza kwa sababu ya njia zetu: kipande kikae katika formoli si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, ndipo laboratwari ikifunge katika nta. Kikikaa wiki mbili katika chupa kikingoja pikipiki wakati wa mvua, macho ya darubini bado yataiona kansere, lakini herufi za jeni zitakuwa zimekatika vipande vipande. Kwa hiyo msichukue kipande siku ya Ijumaa jioni kama gari linaondoka Jumatano. Mpangilieni safari kwanza, kipande baadaye. Au, ikiwezekana, mgonjwa mwenyewe asafiri, akatwe kule kule laboratwari iliko.

Nne, kikishafungwa katika nta kinaweza kutunzwa miaka mingi bila barafu. Kipande hicho kinatoka katika mwili wa mgonjwa, na akihamia hospitali nyingine ana haki ya kuomba kimfuate. Wengi wanaondoka na karatasi ya majibu tu, wanakiacha kipande, na wakifika mbali wanakatwa upya.

Wauguzi wa dispensari wanaombwa waandike mambo haya katika barua inayofuatana na chupa: jina la mgonjwa na umri wake, kazi yake mgodini na miaka aliyoifanya, chini ya ardhi au juu, kama anavuta tumbaku, mahali kipande kilipokatwa, tarehe na saa, saa kilipoingia katika formoli, dawa alizokwisha kumeza, zikiwamo za kifua kikuu, na namba ya simu ya jamaa atakayepokea jibu. Namba ile ile ya barua iandikwe juu ya chupa kwa kalamu ya risasi, kwenye plasta, kwa sababu formoli ikimwagika inafuta wino wa biki.